Kobe wa nyumbani akifa, gamba lake liwekwe au lizikwe?

Mbwa wa nyumbani akifa huwa hakuna mjadala mkubwa. Shimo huchimbwa nyuma ya nyumba, maiti ikafukiwa, watoto wakalia siku mbili tatu na maisha yakaendelea. Paka naye ni vivyo hivyo. Lakini kobe ni kiumbe wa aina yake. Nyama ikishaoza na kwisha, lile gamba ambalo watoto walikuwa wakiligonga kwa vidole wakisubiri kichwa kichomoze, hubaki vile vile. Halibadiliki sura wala umbo.

Hapo ndipo swali huzuka. Je, kitu kigumu na kizuri namna hiyo kitupwe shimoni? Ama kioshwe, kipakwe mafuta na kuwekwa juu ya kabati sebuleni ili kiwe ukumbusho wa rafiki aliyeishi na familia miaka mingi? Mtoto wa darasa la nne atakuambia bila kusita kwamba liwekwe. Nyanya yake yamkini atasema mfu hulazwa ardhini, awe mtu au mnyama. Baba atakuwa anawaza mambo ya serikali.

Wote watatu wana hoja. Ingawa jambo hili huonekana dogo, limewahi kushughulisha makasisi, wafalme na hata serikali nzima, na yaliyowapata yana mafunzo kwetu sisi tunaoishi mijini na kufuga wanyama kwa mapenzi tu, wala si kwa maziwa au mayai.

GAMBA SI NYUMBA

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Watu wengi hudhani kwamba gamba la kobe ni kama nyumba ya konokono, kwamba kobe angeweza kutoka ndani na kuliacha. La hasha! Gamba ni mifupa yake. Uti wa mgongo na mbavu zimeungana na mifupa mingine, jumla yake kama 50 hivi au zaidi, zikawa kuba moja mgongoni. Chini ya tumbo kuna bamba jingine la mfupa. Juu ya mifupa hiyo pana vigae vilivyoumbwa kwa kitu kile kile kinachofanya kucha zako na pembe za ng'ombe. Kwa hivyo anayeweka gamba la kobe kabatini hajaweka nguo ya marehemu. Ameweka kiunzi chake.

Jambo la pili ni kwamba gamba halidumu lenyewe bila kutunzwa. Likikaa juani, mfupa hupauka na vigae huanza kubanduka kimoja kimoja. La kobe mchanga hulegea kwenye maungio na kuvunjika vipande, kwa kuwa mifupa yake ilikuwa haijashikana barabara. Wadudu nao huvutiwa na mabaki ya nyama yaliyojificha ndani, kwenye pembe ambazo kisu hakifiki. Katika majumba ya makumbusho kazi hii hufanywa na mafundi, ambao mara nyingine huwaachia wadudu wa aina maalum watafune nyama yote hadi mfupa ubaki safi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, gamba peke yake halisemi mengi. Kuna imani kwamba ukihesabu mistari iliyo kwenye vigae utajua umri wa kobe. Si kweli. Mistari hiyo hufuata vipindi vya shibe na njaa. Mwaka mmoja unaweza kuleta miwili au usilete hata mmoja, na kwa kobe mzee hulainika ikafutika. Gamba halikuambii aliitwa nani, alipenda kula nini, wala ni mtoto gani aliyemlisha. Tafadhali likumbuke hilo tunapoendelea.

HAKIKISHA AMEKUFA

Kabla hujazungumza habari ya kuzika au kuhifadhi, hakikisha kwamba kobe amekufa kweli. Usicheke, msomaji. Kobe hana joto lake mwenyewe kama sisi. Hutegemea joto la mazingira. Nairobi inapopata baridi kali ya Julai, kobe anaweza kukaa kimya kwa siku kadhaa bila kula wala kutembea. Wakati wa kiangazi kikali, wale wa porini hujificha na kutulia wakisubiri mvua. Moyo hupiga polepole mno na pumzi haionekani.

Mweke mahali penye joto la kadiri, mbali na jua kali, umpe siku nzima. Mguse mguu: aliye hai huurudisha ndani, hata kama ni kwa uvivu. Mguse kando ya jicho uone kama atalifumba. Aliyekufa miguu na shingo hulegea, macho hudidimia, na baada ya muda harufu itakueleza. Ukiwa na shaka, mwite daktari wa mifugo.

Huko London, katika kasri la Lambeth ambalo ni makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury, kuna gamba la kobe lililotunzwa tangu karne ya 18. Kobe huyo aliletwa na Askofu Mkuu William Laud, aliyeshika cheo hicho mwaka 1633. Laud mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1645 wakati wa vita vya mfalme na bunge, lakini kobe akaendelea kutambaa bustanini akiwaona maaskofu wakuu wakija na kuondoka, hadi mwaka 1753. Inasimuliwa kwamba hata hapo hakufa kwa uzee bali kwa uzembe wa mtunza bustani. Mnyama aliyeepuka misukosuko yote hiyo akauawa na mtu aliyelipwa kuangalia maua!

KOBE WA KASISI

Sasa tumwendee kobe ambaye kisa chake ndicho kinachojibu swali letu vizuri kuliko vyote. Jina lake ni Timothy.

Inasemekana kwamba mwaka 1740 kasisi mmoja wa kijiji cha Ringmer, kusini mwa Uingereza, alimnunua kobe huyu kutoka kwa baharia. Kasisi alipofariki, mjane wake Rebecca Snooke aliendelea kumtunza. Kobe alimjua mama huyo. Alipomwona akija na chakula, alijikokota kumlaki, hali wageni hakuwajali hata kidogo. Kwa zaidi ya miaka 30 mambo yalikuwa hivyo.

Mama Snooke alipofariki mwaka 1780, mpwa wake Gilbert White alimrithi kobe. White alikuwa mtumishi wa kanisa katika kijiji cha Selborne, na alikuwa na tabia moja ambayo majirani huenda waliiona ya kichekesho: kila alichokiona katika maumbile alikiandika. Siku ya kwanza mbayuwayu kuonekana, aliandika. Mvua iliponyesha, aliandika ni kiasi gani. Kitabu chake juu ya viumbe vya Selborne kilichapishwa mwaka 1789, na hadi leo kingali kinasomwa.

White alimfukua Timothy kutoka udongoni alikokuwa amelala kwa majira ya baridi. Kobe aliamka akifoka kwa hasira. Akatiwa katika sanduku lenye udongo na kusafirishwa kwa gari la farasi takriban kilomita 130 hadi Selborne. Tangu siku hiyo hakupumzika, maskini, kwa maana bwana wake mpya alitaka kujua kila kitu. Alimpima kwenye mizani, akakuta ana zaidi kidogo ya kilo 3. Alimpigia kelele kwa kipaza sauti cha mkono ili ajue kama anasikia, kobe hakujishughulisha. Alimtumbukiza kwenye pipa la maji ili aone kama anaogelea. Kobe akazama taratibu na kuanza kutembea chini ya maji akiwa amefadhaika. Aliandika kwamba siku za joto Timothy hulala saa kumi jioni, na kwamba ingawa gamba lake lingeweza kustahimili gari lililojaa mizigo, huogopa matone ya mvua kama bibi aliyevaa nguo mpya. Mwaka 1784 kobe alitoroka kupitia lango la bustani akatafutwa kwa zaidi ya wiki moja. Nalo likaandikwa.

White alifariki Juni 1793. Timothy alimfuata majira ya kuchipua ya mwaka 1794, chini ya mwaka mmoja baadaye. Gamba lake halikutupwa. Lilihifadhiwa, na leo liko katika Jumba la Makumbusho ya Maumbile mjini London.

Wazia kama gamba hilo lingekaa bila maandishi ya White. Lingekuwa nini? Gamba la kobe wa kadiri, la rangi ya kahawia, kama mengine mengi yaliyo katika makabati ya jumba hilo. Lakini kwa sababu kando yake pana daftari, gamba hilo lilianza kusema. Katika miaka ya 1830 mtaalamu wa wanyama Edward Turner Bennett alilichunguza, akaona linatofautiana na aina alizozijua, akalipa jina la kisayansi Testudo whitei kwa heshima ya White. Baadaye wataalamu wakaihusisha aina hiyo na Algeria, huku kwetu Afrika. Kumbe kobe wa bustani ya Mwingereza alikuwa mzaliwa wa bara letu!

Na siri kubwa zaidi ilifichuka. Kobe dume aghalabu huwa na bamba la tumbo lililobonyea ndani, ili aweze kumpanda jike bila kuteleza, na mkia mrefu kidogo. La jike huwa bapa. Walipoligeuza gamba la Timothy wakaliangalia chini, walitambua kwamba Timothy alikuwa jike. Miaka zaidi ya 50 ameishi na watu, ameitwa kwa jina la kiume, na bingwa wa kuangalia viumbe akamwandika dume siku nenda siku rudi. Ukweli ulikuwa umeandikwa tumboni muda wote huo.

Hiyo ndiyo faida ya kuhifadhi mabaki. Yanaweza kusahihisha hata maneno ya yule aliyempenda marehemu. Lakini angalia: faida hiyo ilipatikana kwa sababu vitu viwili vilikutana, gamba na daftari.

TIMOTHY WA PILI

Wapo waliochagua njia nyingine. Wakati wa vita vya Crimea katika karne ya 19, mabaharia wa Uingereza walimpata kobe katika meli ya Wareno mwaka 1854. Naye wakamwita Timothy. Aliishi katika meli za kivita, na alikuwemo katika manowari iliyoitwa Queen mji wa Sevastopol ulipopigwa mizinga. Baada ya utumishi wake alipewa makao nchi kavu, na hatimaye akaishi katika bustani ya ngome ya Powderham, kusini magharibi mwa Uingereza, mali ya ukoo wa Courtenay. Katika miaka ya 1920 wenyewe walitaka azae, wakamtafutia mke. Ndipo walipogundua kwamba naye ni jike! Hata hivyo jina halikubadilishwa.

Timothy huyu alifariki mwaka 2004 akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 160 hivi. Angeweza kukaushwa na kuwekwa ndani ya kioo, na watu wangelipa kiingilio kumtazama. Badala yake alizikwa pale pale kwenye ngome, katika ardhi aliyoizoea.

Je, amesahaulika? Hata kidogo. Kila mara wanapotajwa kobe walioishi miaka mingi, Timothy wa Powderham hutajwa, na kisa chake cha meli na mizinga husimuliwa upya. Kaburi halikumfuta, kwa kuwa waliokuwa naye waliandika, walipiga picha na walisimulia.

WAKUBWA WANAPOGOMBANIA MAITI

Nako katika visiwa vya Tonga, bahari ya Pasifiki, jamaa ya kifalme ilikuwa na kobe aliyeitwa Tu'i Malila. Masimulizi ya huko yasema kwamba nahodha James Cook ndiye aliyemtoa zawadi mwaka 1777. Kobe huyo, wa aina inayotoka Madagaska, alikufa katikati ya miaka ya 1960, na mwili wake ukahifadhiwa. Watonga walimheshimu kama mzee wa ukoo. Lakini asili yake yategemea masimulizi, na ukiuangalia mwili hauwezi kukuambia kama kweli mkono wa Cook uliugusa. Hapo tena tunaona: mwili upo, daftari halipo.

Kisa cha karibu zaidi ni cha George Mpweke, kobe mkubwa wa visiwa vya Galapagos nchini Ecuador. Alionekana katika kisiwa cha Pinta mwaka 1971, wakati ambapo kobe wa kisiwa hicho walidhaniwa wametoweka kabisa. Alihamishiwa kituo cha utafiti kisiwani Santa Cruz, akatafutiwa wenzi, lakini hakuacha mtoto. Tarehe 24 Juni 2012 mtunzaji wake wa miaka mingi, Fausto Llerena, alimkuta amekufa. Naye aina ya kobe wa Pinta ikakoma.

Maiti iligandishwa kwa barafu, na mwaka 2013 ikasafirishwa hadi New York, ambako mafundi wa jumba la makumbusho walifanya kazi zaidi ya mwaka mmoja kuikausha na kuirudishia sura. Ilipokamilika, mzozo ukazuka. Wakuu wa serikali mjini Quito walitaka George awekwe huko, watu wengi wamwone. Wenyeji wa Galapagos nao walisema huyu ni wetu, arudi kwao. Mwishowe, Februari 2017, alirejeshwa Santa Cruz, na sasa amewekwa katika chumba maalum kinachodhibitiwa joto na unyevu.

Nimekutajia habari za George kwa sababu mbili. Kwanza, uone kwamba kukausha mwili mzima wa kobe si kazi ya kujaribiwa jikoni kwa chumvi na msumari. Pili, uone kwamba hata mataifa hugombana kama ndugu wanaobishania mahali pa kumzika baba yao, na sisi Wakenya tunazijua kesi za namna hiyo. Mwili ukishakuwa ukumbusho, kila mtu hutaka kuwa karibu nao.

KWETU SHERIA YASEMAJE?

Sasa turudi nyumbani. Msomaji wa Buruburu au Nyali huenda anajiambia, "Basi nami nitaliweka gamba la kobe wangu." Ngoja kwanza.

Nchini Kenya kobe ni mnyama wa porini kisheria, hata akiwa amezaliwa nyuma ya banda lako la kuku. Kumfuga kwahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Akifa, mabaki yake nayo hayakuwi yako kwa sababu tu ulimlisha sukumawiki. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 huhesabu mfupa, ngozi, pembe, jino na sehemu nyingine yoyote ya kudumu ya mnyama wa porini kuwa nyara. Anayepatikana na nyara bila kibali ana kosa. Ilipopitishwa, sheria hiyo iliweka faini isiyopungua shilingi milioni moja au kifungo kisichopungua miaka mitano, au yote mawili. Hiyo si faini ya kuchangiwa na chama cha akina mama.

Wengine watauliza, kwa nini serikali iwe kali hivyo kwa gamba la kobe aliyekufa kwa uzee? Sababu iko katika historia ya pwani yetu. Magamba ya kasa yalikuwa bidhaa tangu zamani za kale. Yametajwa katika kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, kinachoeleza biashara ya mwambao huu. Ng'amba aliwindwa kwa ajili ya vitana, vikuku na fremu za miwani hadi akawa adimu. Siku hizi yule kobe mdogo bapa, anayeishi katika nyufa za majabali ya Kenya na Tanzania, hutoroshwa akiwa hai kupelekwa kwa wafugaji wa ng'ambo. Askari akikuta gamba sebuleni mwako, hana njia ya kujua kama ni ukumbusho wa mapenzi au ni shehena ya mfanyabiashara. Macho hayaoni mapenzi, huona gamba.

Tena usidhani utamtumia shangazi aliye Ulaya akuwekee. Kobe wote wa nchi kavu wamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES uliotiwa sahihi mwaka 1973, na gamba halivuki mpaka bila hati.

Basi kobe akifa, jambo la busara ni kuijulisha ofisi ya KWS iliyo karibu nawe na kufuata watakavyokuelekeza. Kama ulikuwa na kibali cha kumfuga, wataambatanisha habari za kifo na kibali hicho. Ukitamani sana gamba libaki, uliza kama kibali kinaweza kupatikana kabla hujagusa kitu. Usianze kwa kuosha ukamalizia kwa kuuliza.

Na jingine la afya. Kobe hata akiwa mzima anaweza kubeba viini vya salmonella vinavyoleta homa na kuharisha, na watoto wadogo huathirika zaidi. Mtoto asiachiwe kusafisha maiti ya kobe. Mtu mzima avae glavu, na wote wanawe mikono kwa sabuni.

UKUMBUSHO USIO NA KESI

Je, hii maana yake mtoto wako abaki mikono mitupu? Sivyo. Ukumbuke ya Selborne. Kilichomfanya Timothy aishi hadi leo ni daftari, na daftari halihitaji kibali cha mtu yeyote.

Mnunulie mtoto daftari la kawaida la kurasa 96. Kabla ya maziko, mpe utepe wa fundi cherehani apime urefu wa gamba kutoka shingoni hadi mkiani, akivuta juu ya mgongo, kisha upana wake. Aandike. Ageuze kobe, huku mzazi akimshikia, aangalie tumbo kama ni bapa au limebonyea, ajue kama alikuwa dume au jike. Huenda nanyi mna Timothy wenu! Ahesabu vigae vya mgongoni, achore umbo la kila kimoja na rangi zake. Piga picha kwa simu: juu, chini, ubavuni na usoni. Kisha mzichapishe mbili tatu karatasini na kuzibandika, kwa kuwa simu huibwa na kuharibika.

Baadaye kila mmoja wa familia aandike analokumbuka. Aliingiaje nyumbani? Nani alimpa jina? Alipenda nyanya au majani ya hibiskasi? Alitoroka mara ngapi, na nani alimrudisha? Mwulizeni hata mlinzi wa lango, na yule msichana wa kazi wa zamani. Wao ndio waliomwona mchana kutwa mlipokuwa shuleni na kazini.

Kama mnaruhusiwa kumzika, chimbeni shimo refu, angalau la kufika kiunoni mwa mtu mzima, mbwa wasije wakafukua. Wanaoishi katika ghorofa wasizike katika bustani ya watu bila idhini. Pandeni mti au ua juu yake, na wekeni jiwe bapa. Mtoto anayependa ufundi aweza kufinyanga umbo la kobe kwa udongo, akitumia vipimo vya daftari lake, akachora vigae jinsi vilivyokuwa. Kobe huyo wa udongo ndiye atakayekaa juu ya kabati, na hakuna askari atakayemwuliza.

Neno moja kwa wazazi. Usimwambie mtoto kwamba kobe "amelala". Kwa mnyama mwingine neno hilo lingekuwa la kumpooza tu, lakini kobe kweli hulala kwa majuma, na mtoto anajua. Atakwenda kaburini kila asubuhi kumsubiri. Mwambie kwamba amekufa. Mwache aguse gamba mara ya mwisho, alie akitaka kulia, kisha anawe mikono. Kwa watoto wengi wa mjini hiki ndicho kifo cha kwanza kukiona kwa karibu, na namna utakavyokisimamia ndivyo watakavyojifunza kuvisimamia vingine vikubwa zaidi.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Gamba la kobe lisilo na maandishi ni mfupa tu. Mjukuu atalikuta stoo, ataliuliza bei, au atalitupa. Lakini kurasa kumi zilizoandikwa kwa mkono wa mtoto, zenye jina, vipimo na kisa cha siku ile kobe alipokutwa chini ya gari la jirani, hizo zitasomwa.

Kwa hiyo, msomaji, usisubiri kifo. Kama kuna mnyama nyumbani mwako leo, awe kobe mwenye kibali, paka au sungura, mtafutie daftari lake Jumapili hii hii watoto wakiwa nyumbani. Anza na jina, tarehe na uzito wake.